Mtoto Mmoja kwenye Fomu ya Wifi

"Kwa hiyo Chiriku anapanda ndege, na mimi jirani yenu mnanificha?"

Fundi cherehani aliyasema hayo huku amebana pini mbili mdomoni. Nilikuwa nimempelekea gauni la mwanangu lililofumuka kwapani. Chiriku ndilo jina tulilompa nyumbani binti yangu wa miaka minne, kwa kuwa tangu alipojua kusema hajawahi kupumzika.

"Ndege ipi hiyo?" nikamwuliza.

"Ya wifi yako." Akazitoa zile pini, maana habari yenyewe ilitaka mdomo mtupu. "Yule mama anayefagia kazini kwake aliniletea sketi jana. Anasema barua imekuja kutoka chuo cha ng'ambo. Wifi yako anakwenda kukaa huko miezi sita. Kapewa nyumba ya vyumba viwili, yeye na mtoto wake. Mtoto keshapata na nafasi ya chekechea."

"Wifi hana mtoto."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema kwenye fomu kaandika kwa mkono wake: mtoto mmoja, wa kike, miaka minne." Akanitazama kwa juu ya miwani. "Sasa, mama Chiriku, kwenye ukoo wenu mwenye miaka minne ni nani? Mimi?"

Nilicheka. Nilicheka sana, hata mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake akageuka. Kisha nikaondoka, na nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba gauni bado ninalo mkononi.

Ngoja niseme wifi yangu ni mtu gani, nisije nikaonekana namwonea. Ni dada mkubwa wa mume wangu, wa kwanza kuzaliwa kwao, na hajaolewa. Anafanya kazi chuo kikuu, katika Shule ya Biashara. Nilipoolewa nilidhani hiyo ni shule ya kawaida yenye kengele na sare, nikamwuliza anafundisha darasa la ngapi. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Wifi hakucheka. Alinieleza polepole kwamba chuo kikuu kimegawanyika, na sehemu inayofundisha mambo ya biashara ndiyo wanayoiita hivyo. Nilimshukuru, na nikamchukia kidogo. Afadhali angecheka.

Alianza pale kama karani wa mapokezi. Siku hizo Shule ilikuwa na rafiki mmoja tu ng'ambo, chuo kilichokuwa kikileta wanafunzi wawili kwa mwaka na kuchukua wawili wa kwetu. Hakuna aliyetaka kuwashughulikia. Faili lao lilikuwa likiwekewa vikombe vya chai juu yake. Wifi akalichukua. Akaanza kwenda uwanja wa ndege na kipande cha boksi chenye jina la mgeni, na kabla hawajatoka pale alishamwuliza mgeni jina lake linatamkwaje, akaliandika kwenye daftari kwa jinsi linavyosikika, ili walimu wasije wakamwaibisha darasani. Wageni walirudi kwao wakamsifu. Vyuo vingine vikaandika barua. Leo vyuo rafiki ni kumi na kimoja, na kazi yake ina jina refu, mratibu wa mabadilishano na ushirikiano wa kimataifa. Mtaani kwetu wamelifupisha. Wanamwita Balozi.

Yote hayo nayajua kwa sababu mume wangu huyasimulia. Yeye ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, lakini akianza habari za dada yake huacha kula. Habari zangu huzisikiliza huku anatafuna.

Kila Jumapili wifi huja kwetu. Kabla hajavua viatu husema, "Mwanangu yuko wapi?" Na mwanangu, ambaye mimi humwita mara tatu bila kujibiwa, hutoka mbio uani na mikono yenye matope akamrukia shangazi yake na nguo zake zilizopigwa pasi. Wifi hajali matope. Hilo nalo huniuma, maana ni mimi ninayejua sabuni inavyoisha.

Najua, kwa lugha yetu shangazi kumwita mtoto wa kaka yake mwanangu si ajabu. Hata mimi nawaita hivyo watoto wa dada yangu. Neno lenyewe halina kosa, ila kuna namna ya kulitamka. Mimi hulitamka nikikimbizana na mtoto, kijiko mkononi, jasho usoni. Yeye hulitamka akiwa amekaa, ananukia vizuri, na mkoba una biskuti. Nilianza kuhesabu bila kutaka. Jumapili moja alilisema mara kumi na nne.

Sasa alikuwa ameliandika.

Jioni ile nilimweleza mume wangu nilichosikia. Akatikisa kichwa. "Dada hawezi kuandika hivyo. Yule fundi anashona nguo, anashona na maneno."

"Na kama kaandika?"

Akafikiri. Angenyamaza hapohapo ningemsamehe. "Kama kaandika, basi nayo ni nafasi, mama Chiriku. Miezi sita si miaka sita. Mtoto angejua lugha."

"Lugha anayo. Anayo mpaka inamwagika."

"Nasema tu."

"Sema tu. Na mimi nitapewa nani? Si wanabadilishana? Wakichukua mmoja wanaleta mmoja. Waulize wa kwangu watamleta akiwa na umri gani, nijue kama atakuwa na meno."

Akadhani ni mzaha, akacheka, akaendelea kula.

Chiriku alikuwa anasikiliza. Kesho yake nikamkuta kibarazani na mtoto wa jirani, kila mmoja kavaa kiatu kimoja cha mwenzake. "Tunabadilishana," akaniambia. "Yeye anakuwa mimi, mimi nakuwa yeye. Halafu usiku yeye analala kwako." Nilimvua kile kiatu kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Akalia. Nikambeba, nikanusa nywele zake, nikamwomba radhi mpaka akachoka kuombwa.

Jumapili wifi akaja. Nilikaa nikimsubiri aseme. Alisema habari za mvua, akasema bei ya umeme, akasema kwamba chuo kimoja rafiki kinakuja kutia saini mkataba mpya. Zamani walikuwa wakichukuliana wanafunzi wawili wawili, sasa watakuwa kumi na wawili, na kwa mara ya kwanza watabadilishana na wafanyakazi. Hakusema mfanyakazi wa kwanza kwenda ni nani. Mume wangu naye, mwoga wa dada yake tangu utotoni, akauliza kuhusu mvua tena.

Kisha wifi akamwambia Chiriku asimame juu ya karatasi. Akapiga magoti, akauzungushia kalamu mguu wa mtoto, kidole kwa kidole, huku Chiriku anacheka kwa kutekenywa. "Mwanangu ana mguu wa baba yake," akasema. Akaikunja ile karatasi akaitia mkobani.

Hakuna aliyeniambia mguu ule unapimiwa nini. Alipoondoka mvua ilikuwa imekatika, akasahau mwavuli wake nyuma ya mlango.

Jumatatu nzima niliutazama ule mwavuli. Jumanne asubuhi nikamwogesha Chiriku, nikamvalisha gauni lililofumuka, maana sikuwa nimerudi kwa fundi, nikamfunika kwapa kwa sweta, tukaenda chuo kikuu kurudisha mwavuli. Kilikuwa kisingizio, na sidhani kama hata mwavuli wenyewe ulidanganyika.

Sikuwahi kufika kazini kwake. Mlinzi wa getini aliponiuliza ninakwenda kwa nani, nikasema, "Kwa wifi yangu." Akaniambia mawifi wako wengi humo ndani. Chiriku akamsaidia: "Shangazi wa ndege." Mlinzi akatuonyesha ghorofa ya pili bila kuuliza tena.

Mlango ulikuwa wazi. Nje yake kuna benchi, nikakaa. Ndani, wifi alikuwa na msichana mwanafunzi anayejiandaa kusafiri. Hawakutuona. Wifi alikuwa ameshika fomu ya yule msichana, anaipitia kwa ncha ya kalamu mstari kwa mstari.

"Hapa, mtu wa kuarifiwa likitokea jambo. Umeandika baba."

"Ndiyo, madamu."

"Baba akipigiwa simu akiwa kazini anapokea?"

"Hapokei."

"Sasa nisikilize. Ukiumwa huko, nani nyumbani kwenu hatakula mpaka apate habari zako?"

Msichana akafikiri, akacheka kidogo. "Bibi."

"Basi niandikie namba ya bibi. Baba tutamweka wa pili, asinune."

Nilimpenda kwa dakika nzima. Halafu nikainua macho.

Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya dunia, na nyuzi za rangi zimetoka mahali petu zikaenda kwenye pini kumi na moja. Chini ya ramani, kwenye fremu ya kioo, palikuwa na mchoro wa Chiriku. Ule mchoro niliutafuta wiki nzima, nikageuza magodoro. Nyumba yenye mlango mwekundu na watu watatu. Nilipomwuliza Chiriku umeenda wapi, alisema umepotea. Kumbe ulipotea ukaja kutiwa kioo. Nikawatazama wale watu watatu. Mdogo ni Chiriku mwenyewe. Mrefu ni baba yake. Wa tatu alikuwa ameshika mkoba.

Mimi sina mkoba. Nina kikapu.

Kwenye meza kulikuwa na picha ya Chiriku akiwa hana meno mawili ya mbele, yaliyong'oka siku alipoanguka ngazini. Siku hiyo nilimbeba mimi hadi zahanati, damu ikanilowesha kifua. Picha alipigwa kesho yake, na shangazi.

Nilikuwa bado nawaza hayo niliposikia viatu vingi kwenye ukumbi. Mkuu wa Shule ya Biashara alikuwa anakuja na wageni watatu. Nilimtambua kwa tai na kwa jinsi watu walivyobanana ukutani. Nilikuwa nimechagua siku ya mkataba wenyewe. Nikasimama nikamvuta Chiriku nyuma yangu, lakini Chiriku havutiki. Akaingia ofisini mbio akimwita shangazi, akamrukia mapajani mbele ya wote.

Mmoja wa wageni alikuwa mama wa makamo, nywele zimeingia mvi, anajua Kiswahili cha kwenye kitabu. Alifurahi kweli. Akainama, akasema, neno moja moja kama anapanga sahani: "Aa! Huyu ndiye mtoto wako! Tunakungoja, mtoto mzuri. Chumba chako kiko tayari." Akainuka akaniona mlangoni na kikapu changu na mwavuli. Akanipa mkono kwa heshima. "Na wewe ni yaya. Hujambo, yaya?"

Nikasema sijambo. Sijui kwa nini nilijibu.

Wifi alikuwa amenyamaza. Chiriku naye, kwa mara ya kwanza tangu alipojua kusema, alinyamaza, anatutazama mmoja mmoja. Nilihesabu kama ninavyohesabu Jumapili. Moja, mbili, tatu, nne. Mkuu wa Shule anatabasamu, hajaelewa kitu. Nikamwambia wifi moyoni, nyamaza tu, endelea kunyamaza, niwe na haki ya kukuchukia maisha yangu yote.

Ilipofika tano akamtelemsha Chiriku chini, akamshika bega, akamgeuzia kwangu. "Huyu ndiye mama yake," akasema. "Ndiye aliyemzaa. Mimi ni shangazi. Mimi sina mtoto." Kisha akayarudia kwa lugha yao, na kwa lugha yao yalikuwa marefu zaidi. Sikuelewa neno. Nilimwona yule mama mgeni akifungua faili, akionyesha kwa kidole, akiuliza, na wifi akitikisa kichwa, masikio yamemwiva.

Mkuu wa Shule hakupaza sauti. Alimwambia kwa Kiswahili, polepole, nami nikiwa nimesimama palepale: "Mtu anayekagua fomu za wanafunzi mia mbili. Ya kwake mwenyewe. Siku ya saini." Akatazama saa. "Mkataba tutasaini saa nane. Habari ya safari yako tutazungumza."

Nilimpa wifi mwavuli wake. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Mzigo ule ulinitoka kifuani nikiwa njiani. Nitasema kweli: nilirudi nyumbani mwepesi. Nilimnunulia Chiriku karanga. Nilipita kwa fundi cherehani, nikampa gauni, nikamweleza kila kitu, na nilieleza vizuri, na sauti za watu nikaziigiza. Fundi alicheka akapiga mapaja. "Kwa hiyo Balozi kafukuzwa ubalozi!" Nikacheka naye. Usiku huo ndipo nikaanza kuisikia tena ile "mimi sina mtoto", na haikuwa inachekesha.

Alhamisi mume wangu alirudi na habari aliyopewa na dada yake kwa simu. Kule ng'ambo, mtoto akishaandikwa kwenye karatasi zao hafutwi hivihivi. Lazima wajue yuko wapi na yuko kwa nani. Wanataka barua ya mama mzazi, yenye saini, ieleze mtoto huyu ni wa nani na wifi ni nani kwake. Ifike kesho Ijumaa kabla ya saa sita mchana, kabla wageni hawajaondoka. Isipofika, Mkuu wa Shule atamtuma ng'ambo karani wa mitihani badala yake. Wifi ameshawapandisha ndege watu mia mbili na zaidi. Yeye mwenyewe ndege anazijua kwa tumbo tu, zikimpita juu akiwa ameshika kipande chake cha boksi.

"Nikamwambia nitaandika mimi," mume wangu akasema. "Kakataa. Kasema anakuja mwenyewe."

Alikuja siku hiyohiyo saa kumi jioni, nikiwa nachambua maharage kwenye ungo. Hakuwa na biskuti. Alisimama mlangoni akabisha hodi, yeye ambaye huwa anaingia tu.

"Karibu, wifi."

"Asante, wifi. Chiriku hayupo?"

Yuko kwa jirani, nikamwambia. Lakini sikio langu lilikuwa limeshadaka. Hakuwahi kumwita Chiriku. Miaka minne amemwita mwanangu, nami miaka minne nimehesabu. Sasa neno lilikuwa limeondoka, nikakaa nikilisubiri kama mtu aliyepanda ngazi akadhani imebaki moja.

Akakaa chini, akavuta ungo, akaanza kuchambua na mimi. Anajua. Vidole vyake vina haraka. Mume wangu alichungulia, akaona sisi wawili tumekaa, akakumbuka friji ya mtu.

"Ule mguu," nikasema, "ulimpimia nini?"

"Viatu. Nilitaka nimletee nikirudi. Nimeongeza kidole kimoja, maana atakuwa amekua." Akanitazama. "Ulidhani namchukua?"

"Umemwandika."

Akafuta mikono, akatoa mkobani nakala ya fomu, akaiweka juu ya maharage. Ilikuwa kwa lugha yao, lakini tarakimu ni tarakimu. Akanionyesha kisanduku chenye moja.

"Niliijaza mchana mmoja, katikati ya fomu thelathini na saba za wanafunzi. Nikafika kwenye watoto, wangapi. Mkono ukaandika kama mdomo ulivyozoea. Sikudanganya, wifi."

"Na ulipoisoma tena? Wewe si unasoma mstari kwa mstari?"

Akageuza punje moja vidoleni. "Niliiona. Nikasema nitafuta. Nikaiacha kidogo, niitazame tu. Halafu saa ya kutuma ikafika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa jibu hilo sikuwa nimejiandaa. Nikashusha macho kwenye fomu, na chini kidogo ya kile kisanduku nikaona namba ya simu ninayoijua. Ni yangu. Kando yake pameandikwa neno moja ambalo nililisoma bila kutafsiriwa.

"Hapa mbona umeandika wifi?"

"Hapo ni mtu wa kuarifiwa. Halafu wanauliza, ni nani kwako. Neno lao la wifi lina sheria ndani, ati dada kwa sheria. Nikaona kama nakupeleka mahakamani. Nikaacha letu." Akaanza kutabasamu kwa upande mmoja. "Wakanijibu nisiwe na wasiwasi. Wifi ipo kwenye nyumba, ni ya bure, na inashika mpaka chumbani."

Kicheko kilinitoka puani. Kikamtoka na yeye. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika, nikawa nayaokota huku najifuta macho, na kila tukitaka kunyamaza mmoja wetu anasema "inashika mpaka chumbani", tunaanza upya. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kucheka na huyu mtu. Nilikuwa nikicheka akiondoka.

Tulipotulia nikamwuliza, "Kwa nini namba yangu? Kwa nini usiandike ya kaka yako?"

"Nilijiuliza nikiumwa kule nani hatakula mpaka apate habari. Kaka yangu atahuzunika, atasimulia watu, jioni atakula." Hilo lilikuwa kweli, sikuweza kulipinga. "Wewe najua hunipendi sana, wifi. Lakini sahani ungeiacha."

Nikakusanya maharage ambayo yalikuwa yameshakusanywa.

Akaweka mbele yangu karatasi nyeupe na kalamu, ile ya kukagulia fomu. "Sijaja kuomba msamaha. Msamaha nitauomba siku ambayo sihitaji kitu kwako. Leo nahitaji. Waandikie wewe."

"Mimi? Elimu yangu ya msingi unaijua. Mume wangu kasema ataandika."

"Wao hawajauliza mume wa mtu. Wamemwuliza mama. Andika Kiswahili chako kama unavyosema. Kutafsiri ni kazi yangu, na nitatafsiri neno kwa neno, hata kama umenitukana."

"Nikikutukana utasemaje?"

"Nitatafuta tusi linalolingana."

Niliishika ile kalamu. Ilikuwa nzito kuliko kalamu za dukani. Nikafikiri ingekuwa rahisi kiasi gani kusema mkono unaniuma, mtoto ananisumbua, kesho nitaona. Saa sita ingepita yenyewe. Angebaki hapa, na uwanja wa ndege angekwenda na boksi lake, na Jumapili angekuja, na Chiriku angetoka mbio na matope yake. Nilimwona anaona ninachofikiri. Hakunihimiza.

"Niandike nini hasa?" nikamwuliza.

"Waandikie Chiriku ni wako, wewe ndiye uliyemzaa, na yuko kwako. Waandikie wifi ni mtu, si mtambo wa intaneti." Sauti yake ikashuka, akawa anaongea na ungo. "Na lile neno ninalomwita. Usiandike kwamba nilikosea kulisema. Andika nilikosea kuliandika. Halafu hili si la kwenye barua, hili ni lako na langu. Niende nisiende, wifi, naomba uniache niendelee kumwita mwanangu."